Anataka Kuoa Mtu wa Hapa

Admin, shikamoo. Nakuomba ufiche jina langu na sura yangu, maana Baraka ni mji mdogo na midomo ni mikubwa. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, ninauza dawa katika farmasi ndogo karibu na soko. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, sisi ni watu wa milimani, ila mimi nilizaliwa hapa hapa mjini. Tangu vita viwake tena huko juu, shangazi zangu wameshuka na watoto wao na tunalala kwa kubanana. Lakini sikuandika kwa sababu ya vita. Nimeandika kwa sababu ya mwanaume, na nikiwaza habari zake sikai wala silali.

Nitamwita Elisha. Ni Mbembe, kabila linalojiita wenyeji hapa, na kazi yake ni kuzunguka vijijini, Mboko, Lweba, kote, akifundisha watu haki za binadamu na kuishi kwa amani. Alikuja farmasi kumnunulia mama yake dawa ya malaria, akarudi kesho yake bila mgonjwa yeyote. Mnaelewa. Tulipendana. Kwetu samaki hawapikwi, mama yangu akinusa mukeke anafungua madirisha yote, lakini mimi kwa ajili yake nilijifunza kula hadi kichwa. Mama akawa ananicheka, "Ile mifupa itakukaba siku moja, utaita nani?"

Vijana walipokuja kurusha mawe kwetu kwa hasira ya vita vya huko juu, Elisha alisimama mlangoni kwetu akawatuliza mmoja mmoja kwa majina yao. Siwezi kumnyima hilo. Nilijua kabisa huyu ndiye mume wangu.

Basi mwezi uliopita nikamuuliza lini atakuja kuonana na baba. Akainama, akaanza kuchezea funguo za pikipiki.

"Chérie, we uko muntu muzuri sana. Sina kitu kibaya naweza sema juu yako. Lakini kwa mambo ya kuoa, mi nataka muntu wa hapa."

Nikamuuliza, "Na mi natoka wapi?"

"Unajua vile nataka kusema."

"Sijui. Mi nilizaliwa ku maternité ya nyuma ya soko. We ulizaliwa Lubondja, ulikuja hapa unatembea tayari, na kamasi yako. Sasa kati yetu wabili, nani iko wa hapa?"

Hakucheka. Akasema, "Usilete politiki. Hii ni chaguo la moyo. Hata droits de l'homme, hizi haki nafundisha, haiwezi kulazimisha muntu apende."

Ndugu zangu, hapo ndipo aliponishika pabaya, maana ni kweli. Hakuna sheria ya kumwamuru mtu apende. Lakini neno hilo "mtu wa hapa" ndilo wanalotutukania njiani, kwamba sisi siyo, na yeye mwenyewe anawakataza watu kulitumia. Mkutanoni ni ubaguzi, kitandani ni chaguo la moyo? Nageuza geuza jambo hili kichwani hadi nampa mteja dawa ya minyoo badala ya kikohozi.

Rafiki yangu Furaha, naye ni Mbembe, nilimlilia. Akanijibu kwa ukali wake, "We mwenyewe ulimukatala ule fundi wa cherehani juu iko mufupi. Alienda kukushitaki ku tribunal?" Nilicheka na machozi yangu. Kweli nilimkataa, na ni kwa sababu ya ufupi. Je, nilimbagua? Lakini nikamwambia, "Furaha, ufupi haijamushusha fundi ku gari hata siku moja, aulizwe anaenda wapi na alitoka wapi. Mi kabila yangu inanishusha." Akachukua kitana, akaanza kunisuka nywele.

Nikadhani nyumbani watanihurumia. Baba kusikia, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante Mungu. Hata mi singekubali. Batoto bangekuwa ba nani?" Jamani! Kumbe baba yangu na Elisha lao moja, hawajui tu. Niliingia chumbani nikajifunika shuka, na shangazi akadhani nina homa.

Ningenyamaza, yangepita. Lakini juzi Elisha amekuja farmasi, safari hii kikazi. Jumamosi wana mkutano mkubwa wa vijana wa makabila yote, na wanataka niketi mbele.

"Nitakuuliza mbele ya bantu kama ulishabaguliwa hapa Baraka. We utajibu tu, hapana, hata siku moja. Batoto ba kwetu Babembe bakisikia kutoka kwa kinywa yako kwamba hamutuchukii, roho zabo zitatulia. Tusaidie, maman."

Nilitamani kumrushia mzani wa kupimia watoto. Badala yake nikasema nitafikiri.

Nikisema hapana, shangazi zangu waliokimbia makwao watakuwa wameketi pale wakinisikia nikidanganya. Nikisema ndiyo, wataniuliza ni nani, na mkutano unaweza kugeuka vurugu kwa ajili ya moyo wangu mmoja. Halafu labda hata si kweli. Labda mtu aliyenilinda dhidi ya mawe hawezi kuitwa mbaguzi kwa sababu hakutaka kunioa. Saa hii nakubali hivyo, saa inayofuata nakataa.

Wenye matusi ya kabila, piteni tu, nimeyasikia yote. Wengine nishaurini kwa upole. Mbaya zaidi ni kwamba bado nampenda, na atakayenishikia mikrofoni ni yeye. Akiniuliza mbele ya watu kama nilibaguliwa, nimwambie ndiyo, au nimwambie hapana?