Majibu Kumi na Matatu

Mfumo wa hospitali yetu ya misheni ukigoma, hapa Ngara, wote tunamlaumu Esperansia, utadhani yeye ndiye aliyeuzaa. Kazi yake ni kuangalia programu za Java zinavyokwenda kwenye seva: nani ameingia, kazi gani imekwama, nafasi imebaki kiasi gani. Sisi wa mapokezi tulimtania kwamba analinda kitu asichoweza kukishika, naye alicheka. Mwezi ule hakucheka. Alikuwa amekatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi ili kipimwe kama kina saratani, na majibu yalikuwa hayajatoka.

Kwetu jibu halitoki mpaka mtu wa maabara alithibitishe kwenye mfumo kwa jina lake. La Esperansia lilikuwa mikononi mwa Gaudence, na Gaudence alipata ajali ya pikipiki. Tulimzika kwao, Nyabusozi.

Siku ya tisa baada ya mazishi, saa nne asubuhi, Esperansia aliona jina la Gaudence kati ya walioingia kwenye mfumo. Akalitoa. Likarudi. Alimshuku Modestus wa maabara, maana hapa nywila tunaazimana kama chumvi. Lakini Modestus alikuwa likizo Biharamulo, na maabara ilikuwa na kufuli. Alifungua, akakuta kompyuta ya marehemu imezimwa, waya wake umeviringishwa juu ya meza.

Aliporudi kwenye kioo cha kompyuta yake, majibu kumi na matatu yalikuwa yamethibitishwa na Gaudence. Yote yaliandikwa neno moja: salama. Moja lilikuwa lake.

Sheria aliiandika yeye mwenyewe: jibu lililothibitishwa kwa jina la mtu asiyekuwepo linafutwa, mgonjwa anapimwa upya. Alifuta kumi na mawili, kisha akaniita.

"Dada Claudia, kaa na mimi. Hili mkono unakataa."

Nilikaa. Niliogopa, sifichi; nilihisi kuna mtu wa tatu chumbani. Nikamwambia alifute tu, atapimwa tena, sayansi haina haraka. Alitikisa kichwa.

"Gaudence hakuwahi kuthibitisha kitu asichokiona kwa macho yake," akasema, akazima kioo bila kulifuta.

Wale kumi na wawili tuliwapigia simu, wakaja kupimwa upya. Wawili hawakuwa salama. Esperansia hajapimwa upya mpaka leo, na mimi sijamwambia mtu.