Siku Niliyomuaga Mama Nafula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka uso wangu bado hupata joto. Wewe ulikuwa mchanga, hujaanza hata kukaa. Nilikuwa nimerudi kazini baada ya likizo ya uzazi, katika ghala la Mama Nafula pale Busia, upande wa Uganda, ambako mahindi na maharage hukaguliwa kabla ya kuvushwa Kenya.

Kukagua ndiko kulikokuwa kazi yangu. Unatoboa gunia kwa chuma chenye mfereji, unatoa punje, unaiuma. Ikivunjika kwa mlio mkavu, gunia linapita. Sikusomea hayo popote. Nilijifunza kwa kuuma na kukosea mbele ya Mama Nafula, ambaye alinipokea nikiwa msichana ninayeomba radhi hata kwa kosa la mwingine. Ulipozaliwa alikuja mwenyewe hadi kwetu Osukuru, njia ya Tororo, na kuku chini ya kwapa na unga wa wimbi kwa ajili ya uji wangu.

Basi sikiliza. Siku niliyorudi kazini nilikuwa nimeshaamua kuacha. Vumbi la ghala lingekuja nami nyumbani kwenye nguo na nywele zangu, na kifua chako kilikuwa tayari kikibana. Chupa uliikataa, kikombe ukakitema. Mimi na baba yako tulikubaliana kabla likizo haijaisha. Lakini niliona aibu. Mtu anakula likizo ya watu halafu haonekani tena? Nikajiambia nitarudi kwanza, nifanye kazi vizuri kuliko zamani, kisha nitafute siku inayofaa ya kusema.

Siku inayofaa, mwanangu, sijaiona mpaka leo. Biashara ikilala, nilisema nisimwongezee mzigo. Ikichangamka, nilisema nisimharibie furaha. Nilikuwa nikifua nepi zako huku nikiyapanga maneno, nikibadilisha hili na lile, nikitafuta namna ya kuaga isiyomuumiza mtu hata kidogo. Na kwa kuogopa kwamba Mama Nafula akikushika tu nitashindwa kusema, sikukupeleka ghalani. Kwetu hilo si jambo dogo. Watu wakija kukuona ukiwa mzazi, ukipata nguvu unawapelekea mtoto wamwone.

Okumu, mpakiaji wetu, hakuniacha. "Mama Mtoto, leo tena umetuletea picha ya simu? Au ulizaa gunia, unaogopa tutalipima?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, huku maziwa yakinilowesha blauzi kwa kukuwaza.

Asubuhi moja akaja msichana kutoka Mulanda kutafuta kazi. Mtulivu, macho yake hayatoki kwenye punje. Mama Nafula akamjibu bila ukali, kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Hapa iko mtu tayari. Hii nafasi ni ya Athieno." Nilikuwa nimesimama palepale. Nikainama juu ya gunia nikanyamaza, na yule msichana akaenda zake.

Adhuhuri ile Mama Nafula akaniita nyuma ya ghala. Palikuwa na chumba cha kuwekea magunia matupu. Nikakuta kimefagiwa, kimezungushiwa turubai vumbi lisiingie, mkeka mpya chini, na juu yake neti ndogo ya mtoto.

"Kesho lete mtoto," akasema. "Nimechoka kuona wewe naangalia barabara ya Tororo kama ng'ombe imeacha ndama."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani. Nikalia. Nikamwambia naacha kazi.

Mama Nafula aliinama. Alikunja ncha ya mkeka, akaikunjua.

"Wewe najua hii maneno tangu lini?"

"Kabla sijarudi, Mama."

"Na msichana wa leo nimefukuza, wewe nasikia."

"Nilisikia."

"Kwenda si kosa, Athieno. Mimi pia nimezaa. Lakini umeniacha natandika mkeka ya mtu hakuna. Ulifikiri mimi ni yai, utasema neno napasuka?"

Nilidhani namhurumia, kumbe nilikuwa nalinda jina langu jema tu. Nilitaka niondoke na mtu asinikasirikie hata kwa nusu saa, na kwa ajili hiyo nilimwacha mama wa watu apange mambo yake juu ya uongo. Alinikasirikia, naam. Jioni hakunisindikiza hadi barabarani kama kawaida yake. Lakini kabla sijatoka aliifungua ile neti, akanitupia begani. "Ilikuwa ya mtoto. Mtoto iko kwako."

Kesho yake nilipanda gari hadi Mulanda, nikauliza nyumba kwa nyumba, nikampata yule msichana akipalilia karanga. Nikarudi naye. Nilikaa nikamfundisha mpaka siku Mama Nafula alipoitikia kwa kichwa na kusema, "Huyu sasa nauma vizuri." Ndipo nikakuleta. Okumu alinawa mikono mara mbili kabla ya kukushika. Mama Nafula alikubeba mgongoni kwake mchana mzima akipokea wauzaji, na walipouliza akasema ni mjukuu.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba nilifurahi kuondoka. Uliota meno nikiwepo, ulitembea nikiwepo, kifua chako kikapona, na hata hivyo msimu wa mavuno ukifika hunikuta nimesimama uani, nikisikiliza malori yanayoelekea mpakani. Natamani mzozo wa bei asubuhi. Natamani kuitwa kwa jina langu badala ya jina lako. Namtamani Mama Nafula akinigombeza. Nikienda Busia napita kumsalimu, ananipa kigoda, na najikuta mkono wangu unaelekea kwenye gunia ambalo si kazi yangu tena.

Kwa hiyo nakushauri hivi, ingawa mimi mwenyewe bado najifunza. Ukiamua kuondoka mahali ulipopendwa, sema mapema, kwa kinywa chako, ukimtazama mtu usoni, hata kama sauti itatetemeka. Usingoje maneno yasiyo na kasoro, kwa maana asiyeambiwa anazidi kupoteza. Mwache akasirike, ni haki yake. Mfundishe atakayeshika nafasi yako kama vile ungependa kufundishwa. Na baadaye ukiitamani kazi uliyoiacha, usidhani uliamua vibaya. Mtu anaweza kuchagua vizuri na bado moyo ukabaki nyuma.

Mungu akupe watu watakaoumia ukiondoka, mwanangu, na akupe ujasiri wa kuwaaga. Kila mlango utakaoutoka, uweze kurudi kuubishia hodi mchana kweupe, ukaitikiwa kwa jina.