Barua Moja, Wake Wawili

Mtu akinisifia mfumo wa kompyuta kwamba ni salama, huwa nataka kumuuliza: salama kwa nani?

Nilikuwa na mtoto anayenyonya na mume aliyekuwa Dubai. Alikwenda huko miaka ile ya soko huria, kila mwanamume wa Kariakoo alipojiona muagizaji wa vipuri. Akakaa kimya mpaka nikaanza kuulizwa mtaani kama bado nina mume. Halafu nikaambiwa ametuma barua.

Barua zilipitia duka moja la intaneti Mchafukoge. Mume anaandika akiwa huko, mke anakaa mbele ya kompyuta hapa, anaandika jina lake na namba ya siri, anabonyeza "Fungua", barua inatokea. Maombi yote yalipokewa na kompyuta moja kubwa, seva, iliyokaa chumba cha nyuma imefunikwa kanga kuzuia vumbi.

Kompyuta ya pembeni yangu alikaa mwanamke wa buibui, marashi yananukia mpaka mlangoni. Naye mumewe yuko Dubai. Tukabonyeza.

"Mke wangu kipenzi, vumilia kidogo. Nimepata chumba. Nakuja kuwachukua wewe na mtoto."

Nilimwambia mtoto sikioni, "Baba anakuja." Machozi yananitoka kama mjinga.

Jirani yangu naye alikuwa anasoma kwa sauti, anajichekea: "Nimepata chumba. Nakuja kuwachukua..."

Nikachungulia kioo chake. Neno kwa neno.

"Shoga, mbona unasoma barua ya mume wangu?"

"Mume wako? Huyu wangu wa ndoa! Wewe umemwokota wapi?"

"Kumbe nina mke mwenza na siambiwi!"

Watu wakaacha kompyuta zao. "Jamaa anaandika barua moja anapiga kopi," mmoja akasema. Mwingine akamjibu, "Anabana matumizi huyo." Wakacheka.

Mwenye duka, mama wa Kihindu aliyezaliwa mtaa uleule, akatoka kwenye kaunta. "Viti vyangu hivyo! Mnataka kupigana, nendeni barabarani. Fundi! Njoo uone uchafu wako."

Fundi aliyetengeneza ule mfumo alikuja, akaangalia vioo viwili, akacheka.

"Hakuna mke mwenza hapa. Ni kakosa kadogo." Akaeleza kwamba seva inashughulikia maombi mengi kwa wakati mmoja, ila yeye jina la anayeomba alikuwa analiweka mahali pamoja tu. "Mkibonyeza pamoja, jina la wa pili linafuta la kwanza. Seva ikienda kutafuta barua inakuta jina moja. Wote mnaletewa barua ya huyo mmoja."

"Ya nani?"

"Ya aliyechelewa."

"Nani kachelewa?"

Akainua mabega. "Kwa kufumba na kufumbua? Nani atajua?"

Barua yenyewe haikuwa na jina. Wanaume wa kwetu wanaona haya kumwandika mke kwa jina, "mke wangu" inatosha. Na kila mmoja wetu alikuwa na mtoto mmoja.

Fundi akaingia chumba cha nyuma. Alisema sasa kila ombi litabeba jina lake lenyewe mpaka lijibiwe. Sisi tukakalishwa benchi moja, na wale watazamaji hakuna aliyeondoka. Walitupima kama kuku wa sokoni.

"Barua ya huyu wa buibui. Ananukia hivi, nani amwache?"

"Na huyu mwingine?"

"Muone kanga yake."

Mwenzangu akanitazama miguu, akatabasamu. "Usijali, dada. Kama hii si yako, yako nayo ipo."

Nilimhamisha mtoto ziwa la pili na nikamwombea mume wake agongwe na lori hukohuko. Sijutii.

Fundi akarudi anajifuta jasho. "Haya, vitini. Lazima mbonyeze pamoja, ndiyo tutajua kama imepona."

"Moja, mbili, tatu!" mwenye duka akahesabu.

Wa buibui akapiga kigelegele. Kwake ilikuja barua ileile.

Yangu ilikuwa fupi. "Nimekuacha. Nimeshaoa huku. Cherehani mrudishie mama."

"Zimetofautiana!" fundi akapiga kelele. "Jamani tazameni, zimetofautiana!"

Watu wakapiga makofi. Walioona kioo changu nao walipiga.

Fundi akainama begani kwangu. "Dada, hii ni yako kweli? Nataka uhakika. Isije ikawa ya mtu mwingine tena."

Cherehani ya mama mkwe ilikuwa chumbani kwangu Buguruni, chini ya dirisha. Ndiyo iliyotulisha mimi na mtoto muda wote ule wa kimya chake.

"Ni yangu," nikasema.

"Poa sana! Sasa rudieni tena, mara moja tu, nihakikishe."

Mwenzangu alishaweka kidole tayari, meno yote nje. Mwanangu alikuwa amelala, ziwa bado mdomoni. Mwenye duka akahesabu upya, tukabonyeza, na kila mmoja akaletewa ya kwake.