Salamu Kabla ya Kutua

Kazi yangu ni kufundisha marubani wasihamishwe mawazo wakiwa angani. Tukikaribia kutua huwasumbua makusudi, nione kama macho yatabaki kwenye kazi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikulia Nandagala, mimi ni wa Mtua, na huko kwetu salamu ya mkubwa haiachwi bila jibu. Kila tulipoukaribia uwanja wa Nachingwea nilimuuliza habari za nyumbani, naye akajibu zote, mpaka mikorosho ya mjomba wake, huku ndege ikishuka vibaya. Nilimfokea, "Ukiwa unatua, hata mimi usinijibu."

Asubuhi iliyofuata, tukikaribia tena kutua, nilikuwa situlii kitini, nikitaka kuona kama amesikia. Nikamuuliza, "Mama anaendeleaje?" Mama yake alikuwa mgonjwa kweli. Akainua kiganja bila kunitazama. Ndivyo nilivyomwagiza, lakini kiganja kile kilinichoma. Kijana huyu wa kunionyesha mimi kiganja? Nikaanza kupanga maneno nitakayompa tukishatua.

Ghafla injini ikanguruma, pua ya ndege ikainuka, tukapaa tena. Nilipochungulia chini ndipo nami nilipowaona mbuzi, kundi zima, katikati ya uwanja.