Alfajiri Makaburini

Baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, viatu vilinipwaya na baridi ikahamia mwilini mwangu. Hapa Karatu ukungu hushuka kutoka Ngorongoro kila asubuhi, nami nikawa navaa makoti mawili hata jikoni.

Nilichoogopa zaidi ni ibada ya alfajiri ya Pasaka, ambapo kwaya yetu huimba makaburini, kilimani. Miaka yote nilisimama ukingoni, upande wa upepo, na wenzangu wa sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, wakajikinga kwa upana wangu. Safari hii nilimwambia mwalimu wa kwaya, mama anayeuza mitumba sokoni, kwamba nitabaki nyumbani.

"Ubaki uimbe na nani, baba? Na birika?"

Nikaenda. Alinivika joho juu ya makoti yote mawili, akanitazama. "Zamani ulikuwa ukuta. Leo umekuwa pazia!"

Kwaya nzima ikacheka, nami pia, meno yakigongana. Kisha, bila kuambiwa na mtu, wakahama. Wanaume wawili wanene wakasimama upande wa upepo, akina mama wakanibana mbele na nyuma, nami nikajikuta katikati ya sauti ya pili, ile ya akina mama. Hakuna aliyenipa pole. Walifanya kama watu wanaosogeza benchi, na mpaka leo nawavulia kofia.

Kufikia ubeti wa mwisho meno yalikuwa yametulia. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko zamani, lakini niliimba mpaka mwisho.