Ubeti wa Mwisho wa Bi Rukia

Ipo siku moja ya usichana wangu hapa Palma, mwanangu, ambayo jana ulinikumbusha kwa ile kasida uliyokuwa ukiimba jikoni, ukiifuata kama ulivyotumiwa kwenye simu. Sauti yako nzuri, mashallah. Ila ubeti wa mwisho haumo. Kuna aliyeukata.

Kasida hiyo aliitunga Bi Rukia, mjane aliyeishi nyuma ya soko, mtu wa zikri. Kiurdu alifundishwa na jirani yake Bi Shamimu, mke wa Mhindi muuza vitambaa. Bi Rukia alimwonyesha mapishi ya nazi, naye akamsomea mashairi ya Kiurdu ya kumpenda Mungu, ambayo mtunzi hutia jina lake mwishoni. Bi Rukia akaishika desturi hiyo. Sisi wasichana tulipomwimbia uani kwake, mstari ukimgusa alijipiga paja: "Wah! Rudia, binti!" Tukarudia mpaka chai ikapoa.

Mwaka mmoja nikachaguliwa kuwaongoza wanawake kwenye maulidi. Khalifa, kiongozi wa twarika yetu, akaniita.

"Kasida nzuri. Lakini jina la Rukia lisitajwe mbele ya wanaume. Ubeti ule uache."

Nilikwenda kwa Bi Rukia nikilia. Alikuwa akichambua mchele.

"Na ubeti wenye jina la Shamimu?" akauliza.

"Huo hakuusema, bibi."

"Masikini, kadhani Shamimu ni mwanamume!" Akacheka hadi mchele ukamwagika. Kisha akanishika mkono. "Langu liache. La Shamimu litaje kwa sauti. Amefia mbali, hana mtoto wa kumwombea. Mimi bado nipo, nitajiombea."

Siku ya maulidi nikaimba nyuma ya pazia:

*Mwalimu wangu Shamimu,*
*mpe raha, ya Rahimu.*

Nikanyamaza, kama nilivyoagizwa. Dufu likaendelea peke yake. Ghafla wanawake wote, waliojifunza kasida ile uani kwa Bi Rukia, wakaimalizia wenyewe:

*Nami Rukia mjao,*
*niweke kwa wapendao.*

Bi Rukia akajifunika uso kwa ushungi. Jina lake limefika upande wa wanaume. Lakini ubeti ule ni dua, mwanangu, na Mwislamu akisikia dua ataifanyaje? Sauti ya kwanza kujibu ilikuwa ya khalifa mwenyewe: "Amina."

Bi Rukia tulimzika zamani. Tulipokimbia vita na kurudi, nyumba yake tuliikuta majivu, na karatasi zake zote. Amebaki midomoni mwetu tu. Anayeukata ubeti ule anamnyima Amina yake.

Basi ukiimba, imba mpaka mwisho. Ukijua jambo, mtaje aliyekufundisha, hata wakikwambia jina lake halina haja. Na hiyo kasida iliyokatwa, warudishie waliokutumia ikiwa nzima, kwa sauti yako.

Mungu akupe mwalimu wa kumtaja, mwanangu, na siku yako ikifika, akupe wa kukutaja wewe. Sema Amina.