Marahaba ya Mjomba Yona

Siku ile muuguzi alipopiga magoti mbele ya mjomba Yona, mwanangu Subira, naiona mpaka leo, na uzee wangu huu.

Nilikuwa binti, natandaza kahawa kwenye kichanja, kwa bibi yetu kule Isansa. Baba alikuwa amefariki, tunaishi hapo na mjomba, kaka yake mama. Baba yako, mdogo wangu, alikuwa bado mchanga mgongoni kwa mama. Basi mjomba akaugua akili. Akawa anaongea peke yake, anakimbilia barabarani, mpaka wakamfunga kamba mguuni kwenye nguzo ya ghala. Wageni wakija walitusalimia sote, hata watoto wanaotambaa. Yeye walimpita tu.

Siku hiyo akaja yule muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima, akatupita sisi. Akaenda moja kwa moja ghalani, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama tunavyosalimia wakubwa huku kwetu.

"Shikamoo, baba."

Bibi akaguna, "Usijisumbue, mwanangu. Huyo haitikii."

Yule mama akageuka. "Leo nani kamsalimia?"

Weee! Mimi nikajifanya nachambua kahawa.

Akatuomba tufungue kamba, akamwanzishia dawa, akawa anarudi. Kila akija, magoti kwanza. Dawa ilifanya kazi yake, sikudanganyi, lakini na zile salamu nazo. Asubuhi moja mjomba akamtazama, akasema, "Marahaba, mwanangu. Umeshakula?" Bibi, aliyemzaa, alikaa chini pale pale akalia. Nami nikalia, na kuanzia hapo nikajua kazi nitakayosomea.

Sasa jana baba yako kanipigia simu kutoka Tunduma, anafoka: "Dada, mzuie huyo mtoto! Akauguze vichaa? Mwisho naye ataokota makopo!" Nikamwuliza, mimi nimestaafu kazi hiyo hiyo, umeniona na kopo? Akacheka kidogo. Usimkasirikie, mwanangu, anakupenda na anaogopa.

Ila sikupambii. Nimetukanwa, nimetemewa mate, nimepigwa kofi na mgonjwa niliyekuwa namlisha kwa mkono wangu. Wapo waliopata nafuu wakaacha dawa, wakaletwa tena hali mbaya zaidi. Wengine hawakurudi kabisa, na hao bado nawalilia. Ukitaka kazi ya kushukuriwa kila siku, tafuta nyingine, wala sitakulaumu. Na ukiichagua hii, siku ukizidiwa sema. Hata muuguzi naye huuguzwa.

Kwa hiyo usiamue kwa kunifurahisha mimi, wala kwa kumwogopa baba yako. Nenda kwanza kliniki ya afya ya akili, uombe ruhusa ukae na wagonjwa asubuhi nzima. Msalimie asiyeitikia. Ukirudi nyumbani unatamani kesho ukamsalimie tena, kasome. Ukiona moyo umekataa, rudi kwa amani, mimi ni shangazi yako vilevile.

Baba yako niachie mimi. Mjomba Yona ndiye aliyemlea, akamfundisha kulima na kusali, na mpaka leo akimtaja anamwita baba. Kwamba mlezi wake huyo aliwahi kuugua akili akafungwa kamba, hakuwahi kuambiwa. Jumapili akija nitamwambia.

Mungu akupe magoti mepesi, mwanangu, na akujalie nawe kuisikia marahaba kama ile.